Saa Iliyosimama Dakika ya Tisa

Mbinga, Jumapili, saa kumi jioni

Benno,

Wewe na baba yako mmekwenda kumuaga bibi, na kwa ninavyomjua bibi hamtarudi kabla ya giza. Muda huo unanitosha. Habari za kula, kufua, kwenda kanisani na kupiga simu, baba yako atakupa zote kesho alfajiri pale stendi, na atazirudia dirishani basi likianza kuondoka. Mimi sitaongeza. Nina jambo moja tu, na nataka ulijue kabla hujapanda basi.

Alhamisi uliniomba ile saa ya Uswisi yenye pete nyeusi, uende nayo chuoni. Nikasema tutaona. Ukadhani ni uchoyo, ukacheka, ukasema: "Mama, usiogope. Mimi siyo mjomba Alban. Mimi nitaangalia muda." Baba yako naye akacheka. Nikanyanyuka nikaenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa vimeshaoshwa.

Mjomba wako aliangalia muda. Saa ndiyo iliyosimama, na ilisimama kwa sababu yangu. Sasa unakwenda kujifunza uzamiaji, kazi aliyoifanya yeye, ukiamini kwamba mguu wake uliharibika kwa uzembe wake. Imani hiyo niliitengeneza mimi.

Saa ya kwanza ya kuzamia niliipata kabla hujazaliwa, kwa mhandisi mgeni aliyekuwa amemaliza kujenga daraja na anarudi kwao. Nilikuwa nimemhoji mara tatu kuhusu daraja. Siku ya mwisho nikamuuliza kwa nini pete ya saa yake inazunguka upande mmoja tu. Akaivua akanipa mkononi. Mzamiaji anapoingia majini, akaniambia, anaizungusha pete mpaka alama yake ikutane na mshale wa dakika, halafu kila akitazama anaona muda uliopita bila kupiga hesabu. Pete ikigongwa na jiwe huko chini, itasogea upande wa kumwonyesha kwamba amekaa zaidi kuliko alivyokaa. Atapanda mapema. Haiwezi kumchelewesha. Nilikuwa nimeandika habari za mahakama, mabwawa na majengo ya shule kwa miaka minane, na hicho kilikuwa kitu cha kwanza kukutana nacho ambacho aliyekitengeneza alifikiria kitakosea vipi, akahakikisha kinakosea upande wa usalama. Nikamwomba aniuzie.

Zikafuata nyingine. Unazijua, umekua ukikatazwa kuzigusa. Usichokijua ni yale madaftari ya bluu yaliyo chini ya nguo zangu za kitenge. Humo nililinganisha saa na saa. Hii ikilala kifudifudi inapoteza sekunde nane kwa siku, ikisimama kwa ubavu inaongeza tatu. Ile mishale yake inang'aa gizani mpaka alfajiri, hii inafifia kabla ya saa sita. Hii kitufe chake cha kutilia ufunguo kinafungwa kwa kuzungushwa kama kifuniko cha chupa, ile kinasukumwa tu. Nilipenda kwamba hazina betri, kwamba mkono wa mtu ukitembea nazo zinatembea. Sijutii kuzipenda. Baba yako alikuwa akiniambia, "Mama Benno, lakini Mungu alikupa mikono miwili tu."

Kile kipande cha shamba la mikahawa karibu na kijito, ambacho wewe unakijua kama cha jirani, kilikuwa changu. Nilikiuza nikanunua ile ya pete nyeusi. Siku ya nne baba yako akaja akakaa, akasema, "Haya, tuuone huo mkahawa wako mpya." Akaitazama muda mrefu, akairudisha. Hajawahi kuigusa tena.

Ilikuwa ya zamani kuliko mimi, na kila kitu ndani yake kilikuwa kile kile ilichotoka nacho kiwandani. Kwa wakusanyaji hilo ndilo jambo kubwa. Ukibadilisha kioo, au mshale, au hata raba ya kuzuia maji kule nyuma, wanasema umeiharibu. Nilikuwa kwenye kundi lao la simu, wote wanaume, wa Dar, wa Nairobi, wa ng'ambo, na mimi peke yangu wa Mbinga. Walinisikiliza kwa sababu ya saa hiyo. Nataka uelewe kwamba hilo lilinifurahisha kupita kiasi.

Niliipeleka Songea kwa Fundi Issa aisafishe. Unamkumbuka, yule wa karibu na soko, anayevaa lenzi jichoni hata akila. Akafungua mgongo wa saa, akainua raba kwa kibano, ikakatika vipande viwili.

"Mama, hii imekufa. Nikuwekee mpya?"

"Usiweke mpya. Irudishe hiyo hiyo."

"Hii hapa? Imekatika, unaiona."

"Iunganishe uirudishe. Lazima iwe ya asili, fundi. Watu wa saa wanataka ya asili."

Akaondoa lenzi, akanitazama kwa macho yote mawili. "Na maji nayo yanataka ya asili?"

Nikacheka. Nikamwambia saa yenyewe haitaingia majini, itakaa kabatini. Wakati huo ilikuwa kweli.

Miezi miwili baadaye, kwenye kundi, mtu mmoja akaandika kwamba saa zetu sote zimezama kwenye sinki la jikoni tu. Nikaumia. Mimi nina ziwa, nikawaza, na nina ndugu anayezamia kila siku. Unajua mjomba alivyokuwa. Miaka kumi na mmoja alizamia kwenye miamba ya Lipingo akikamata samaki wa mapambo, wale wadogo wa rangi wanaosafirishwa kwenda kuwekwa kwenye matangi ya vioo, na hakuwahi kuumwa hata sikio. Nikaandika kwenye kundi kwamba nitalinganisha saa mbili ndani ya maji halisi, kwa kina cha mita thelathini na tano, ya Uswisi na ile ya Kijapani niliyoivaa kazini. Wakasubiri kwa hamu. Raba nikaisahau. Hapana, nifute hilo. Niliikumbuka, nikajiambia itavumilia mara moja.

Ilikuwa Jumamosi, kesho yake ni kipaimara chako. Niliteremka ziwani, Liuli, kumchukua mjomba na kumleta Mbinga kwenye sherehe. Asubuhi tukaenda kwanza na boti ya kazi yake. Nikamfunga ya Uswisi mkono wa kushoto na ya Kijapani mkono wa kulia, chini ya nguo ya kuzamia.

"Ya kulia usiitazame mpaka utoke," nikamwambia. "Nataka kila moja ijitegemee. Fuata ya kushoto."

"Dada, mimi saa yangu ya plastiki inanitosha."

"Hiyo ya plastiki niachie mimi hapa."

"Mmeona?" akawaambia wenzake. "Leo nazama na shamba la mikahawa mkononi. Nikilipoteza, shemeji atakuja kulima humu."

Wakacheka wote, na mimi. Akazungusha pete, akaingia. Mpango ulikuwa dakika kumi na tano, asizidishe. Ukikaa zaidi kwa kina kile, hewa unayovuta inaingia mwilini nyingi kupita kiasi, na ukipanda haraka inatoka mwilini kama gesi inavyotoka kwenye soda. Hilo utafundishwa vizuri kuliko ninavyoweza kueleza.

Alitoka dakika ya ishirini na sita, kwa kasi, kwa sababu mtungi wa hewa ulikuwa unakaribia kuisha. Alipovua saa kunipa, kioo cha ya Uswisi kilikuwa na ukungu kwa ndani. Mshale wa dakika ulikuwa umesimama kwenye dakika ya tisa ya pete. Akasema, "Dada, nilitazama mara tatu ikaniambia tisa. Nikadhani nimesoma vibaya." Mimi nikasema, "Basi umesoma vibaya." Nikaitia mfukoni.

Sasa sikiliza kosa la pili. Hili watu wa tambarare hawawezi kulifanya, na huko chuoni sidhani kama kitabu chao kitataja barabara yetu. Mjomba alikuwa anasema kiwiko kinamuuma kidogo. Tukadhani amejigonga. Na kwa sababu ya sherehe yako, adhuhuri ile ile nikampakia kwenye gari tukaanza kupandisha mlima kuja Mbinga. Wakati ule lami haijafika, tulikwenda saa nyingi. Kadiri tunavyopanda, hewa ya nje inapungua uzito, na ile gesi mwilini mwake ikaendelea kutoka. Kila kona alikuwa anabadilisha namna ya kukaa. Kwanza kiwiko, halafu bega, halafu nyonga. Bado anafanya utani, anasema wachezaji wa mpira wakizeeka huwa hivi. Tulipofika juu kabisa, dereva alisimama tunyooshe miguu, na mjomba hakuweza kushuka.

Ulikuwa na miaka kumi na mitatu, utakumbuka kwamba kipaimara kilipita bila mimi. Daktari aliyetupokea alikuwa msichana mdogo kwa umri, mtulivu. Aliuliza maswali mawili. "Amezamia leo?" Ndiyo. "Na leo hii hii mmempandisha mlima?" Ndiyo. Akamwekea hewa ya oksijeni, akakaa naye mpaka asubuhi. Maumivu yalipungua, mikono ikarudi, mguu wa kushoto ukarudi nusu. Mwendo unaomwona nao ni huo.

Siku ya pili pale kitandani akaniuliza, "Dada, niambie kweli. Saa yako ilisimama?"

Ilikuwa mfukoni mwangu. Joto la mwili lilikuwa limeiamsha jioni ya siku ile ya kwanza. Nikaitoa, nikamwonyesha. "Hii hapa," nikasema, "inatembea."

Na ilikuwa inatembea. Akaitazama sekunde zikizunguka, akafunga macho.

Mhariri wangu alisikia, akataka habari fupi. Kwenye sehemu ya chanzo cha ajali niliandika maneno saba: "Mzamiaji huyo alikaa chini kupita muda uliopangwa." Yahesabu. Kila neno ni kweli, ungeweza kunipeleka mahakamani nikashinda. Ilisomwa redioni jioni, na pwani yote ikasikia. Mwajiri wake akasema hawezi kumlipia matibabu mtu aliyevunja utaratibu, akamtoa kazini. Wenzake wakampa jina. Unalijua, nawe umewahi kumwita hivyo: Saa Ngapi. Akipita ufukweni watoto wanamuuliza, "Saa Ngapi, saa ngapi?" naye anatazama jua, anawajibu. Tuliona anapenda mzaha. Hatukujiuliza kwa nini hakuvaa saa tena wala kukubali kumvusha mtu kwa boti.

Mwezi ule ule nilirudi kwa Fundi Issa. Nikamwambia abadilishe raba zote, kioo, kitufe, kila kinachozuia maji. Hakuniuliza kitu, na kwa hilo namheshimu. Saa niliitengeneza mwezi ule. Sentensi imenichukua miaka tisa.

Nimefanya kazi hii ya habari muda mrefu, na wanaoanza hunijia wakiuliza jinsi ya kuepuka uongo. Nimewafundisha kuhakiki majina, umri, vyeo, umbali. Sijawahi kumwambia hata mmoja wao kwamba habari mbaya kuliko zote nilizoandika haikuwa na kosa hata moja.

Uliposema yale Alhamisi, Ijumaa asubuhi niliteremka Liuli. Niliwaambia nyinyi nafuata habari ya bandari. Nilimkuta mjomba nje anashona wavu, na wifi Salome anamenya mihogo. Nikaamkiana nao, nikakaa, nikasema yote bila kupumzika, nikianzia kwa Fundi Issa. Nilipomaliza, wifi ndiye aliyeongea kwanza.

"Wifi, umekuja na samahani kubwa hivyo, hata kilo ya sukari hukuleta?"

Mjomba hakucheka. Akauliza, "Raba?"

"Raba."

"Kama hii?" Akanionyesha raba iliyofunga kifuniko cha dumu la mafuta.

"Nyembamba zaidi."

"Na ulijua lini?"

"Palepale kwenye boti."

"Palepale." Akaweka sindano chini. "Miaka tisa nalala najiuliza. Nilisoma tisa mara tatu, Dada. Mara tatu! Nikasema basi mimi kichwa changu kina tatizo, siwezi kusoma saa. Mtu asiyeweza kusoma saa atabebaje watoto wa watu kwenye boti?"

Hilo sikulijua. Nilidhani nimemharibia mguu na kazi. Aliondoka akatembea ufukweni kwa mwendo wake ule, mbali, na hakurudi mpaka ugali ukapoa. Niliamini hatanisemesha tena, na nilikuwa nimeshajiandaa kulikubali.

Asubuhi yake, jana, aliniamsha. "Njoo na hiyo ya Kijapani." Tukaenda mpaka kwenye mawe. Akaingia maji yakamfika kifuani, akaniambia nihesabu, akazama bila kifaa chochote. Alipoibuka akafuta uso. "Sekunde sabini?"

Nikatazama. Sabini na mbili.

Akazama tena. "Hiyo ni hamsini." Hamsini kamili. Akazama mara ya tatu, ya nne, ya tano, na mara zote hakukosea kwa zaidi ya sekunde nne. Wifi alikuwa amekuja na ndoo yake, akasimama. "Alban, toka, midomo imekuwa ya bluu!" Yeye anacheka kama kichaa, anapiga maji kwa mikono. "Mke wangu, sikukosea! Nilikuwa nayo kichwani wakati wote!" Sijamwona hivyo tangu ukiwa mtoto.

Alipokauka, akanipa masharti. Kwanza nikuambie wewe kabla hujasafiri, kwa maandishi, kwa sababu kwa mdomo nitajua pa kukwepea. Pili niandike redioni, kwa jina langu. Kuhusu kunisamehe, alisema hilo bado analifikiria, nisimharakishe. Sijamharakisha.

Taarifa ya redio nimeituma leo mchana. Ina maneno mengi kuliko saba. Inawezekana mhariri mpya akaona ni habari ya zamani akaiacha. Nitamfuata mpaka aisome. Kwenye kundi la wakusanyaji nimeweka pia matokeo ya ulinganisho niliowaahidi. Wawili wamenitukana, mmoja amesema anapeleka zake kwa fundi kesho.

Mezani nimekuwekea saa zote mbili. Ya Uswisi ni nyepesi, nzuri kuliko kitu chochote nitakachowahi kumiliki, inachelewa sekunde tano kwa siku, na kwa wakusanyaji haina thamani kubwa tena. Ya Kijapani ni nzito, imekwaruzwa, inawahi sekunde kumi na mbili, na kwenye maji machafu inasomeka vizuri zaidi. Fundi Issa alizipima zote kwa mashine yake ya mgandamizo mwezi uliopita, nimeona kwa macho yangu. Namba ya mita iliyoandikwa usoni mwa saa ni ahadi ya siku ilipotoka kiwandani, kwa hiyo kila mwaka ipeleke ipimwe tena, hata kama inatembea. Hasa kama inatembea. Chuoni watakupa kompyuta ya kuzamia, ya kuvaa mkononi, inayohesabu kina na muda, itegemee hiyo, na saa iwe shahidi wa pili. Wakitofautiana, usichague unayempenda. Panda.

Chukua utakayoona inakufaa, au uziache zote, sitakuuliza. Ukitaka kunikasirikia, fanya hivyo bila kunihurumia. Nitakuwa jikoni nakufungia chakula, na utanikuta nimekaa.

Nilikata tiketi mbili. Mjomba wako alipanda mlima jana pamoja nami, mara ya kwanza tangu siku ile, amefikia kwa baba yako mdogo. Kesho mtasafiri pamoja hadi Songea, ana shughuli ya leseni ya boti huko. Mwache akae dirishani, mguu wake unahitaji nafasi. Hajui kama utakuwa umeisoma barua hii, na ni wewe utakayeanza. Umwamkie, halafu umuulize mtu anapandaje juu polepole wakati hewa imekaribia kuisha na moyo unamwambia akimbie. Anajua. Hakuna aliyemuuliza miaka tisa.

Mama yako